Mstari wa Nane

Mwalimu Hyera ana kalamu moja ya wino
na hamwazimi mtu.
"Cheti cha ndoa." Ninacho.
"Kadi ya zaka." Imelowa, miezi mitatu haisomeki,
lakini ninayo.
"Barua ya jumuiya." Jumuiya yetu hapa Wete ni nyumba saba
na mwenyekiti ni mume wangu;
kajiandikia barua, kajigongea muhuri,
kajitakia kila la heri.
Mwalimu hakucheka.
"Cheti chako wewe, cha ubatizo."

Hapo nikatazama sakafu.

Changu kililiwa na mchwa, Mbinga,
pamoja na picha ya babu na nusu ya mlango.
"Basi tutapiga simu," akasema. "Vitabu havitupwi."

Mtoto mgongoni ana miezi mitano na majina mawili.
Kwenye fomu ni Skolastika, jina la bibi yake.
Mtaani ni Mwanaidi,
kwa kuwa alizaliwa alfajiri ya sikukuu,
takbira zikisikika hadi wodini,
na Bi Raya, jirani, aliyenishika kiuno usiku kucha,
akasema: huyu kaja na jina lake, msihangaike.
Nikimwita Skolastika, anasinzia.
Bi Raya akiita Mwanaidi kutoka uani, anageuza shingo.

Mstari wa nane wa fomu: Msimamizi.
Awe na kipaimara. Awe anaishika dini.
Dada yangu wa Songea alipiga hesabu ya nauli,
basi, basi tena, boti, boti nyingine,
akanyamaza hadi salio likaisha.
Na yule ambaye ningemwandika bila kufikiri
ana msala wake ukutani,
wala hakutaka nimweleze.
Aliuliza jambo moja:
"Maji yenyewe ya baridi? Mtoto ana kifua huyo."

Jumamosi Mbinga wakapiga.
Sauti ya kijana, kurasa zikipinduliwa, mvua juu ya bati.
Nimepatikana.
Jina langu, la baba, la mama,
tarehe ambayo sikuwahi kuijua.
Msimamizi: Veneranda.
Veneranda nani?
"Hakuna zaidi. Ila pembeni, kwa penseli, wameandika:
*mgeni, alikuwa akisubiri lori la kahawa.*"

Simu ilikatika nikabaki nayo sikioni.
Miaka thelathini na mmoja
naishi kwa ahadi ya mwanamke
aliyekuwa na mzigo wake barabarani,
akaitwa ndani, akapewa mtoto wa watu,
akaulizwa kama anamkataa shetani,
akasema namkataa,
akatoka kuangalia kama lori limefika.

Semina ya pili, benchi la nyuma kabisa,
alikuwapo Domitila, mpishi wa kambi ya polisi.
Hana mtoto wa kubatiza. Alikimbia jua.
Nikamuuliza.
"Mimi? Mwezi ujao nahamishiwa Mkoani."
Nikamwambia: unatosha.
Mwalimu Hyera akafungua kifuniko cha kalamu.

Jumapili bomba la kanisa likakohoa, likatoa hewa.
Padri akalitazama karai kavu,
nasi tukatazama viatu vyetu.
Mhudumu wa altare akatumwa na ndoo, kanzu juujuu,
hadi kisima cha kwanza atakachokuta,
na kisima cha kwanza ni cha Bi Raya.
Alikwenda mbio.
Akakawia.
Akarudi hatua kwa hatua, ndoo imefunikwa kanga,
na kanga inafuka mvuke.

"Nani kayapasha?" Padri akanong'ona,
kidole kimoja ndani ya maji.
Hakujibiwa. Akajikohoza, akafungua kitabu:
"Mmempa mtoto huyu jina gani?"

Nikalitaja, kwa sauti, herufi zote.
Mwenyewe alikuwa amegeuza shingo
anatazama mlango.