Kipupwe, Newala

Juni ilipoingia, mama alitugawia masweta ya shule
ingawa shule ilikuwa imefungwa.
Tukatoka watano na mbwa, alfajiri,
hadi ukingoni mwa Shimo la Mungu.
Hatukuona kitu. Ukungu tu, umejaa hadi mdomoni.
"Mungu kafunika chungu," alisema Somoe.
"Uji bado."

Tukangoja, meno yakigongana.

Julai tukashuka porini kuchimba ming'oko:
jembe moja, mihogo ya kuchoma, chupa ya chai
ambayo Nanjota aliipasua kwenye jiwe la kwanza.
Baba, karani wa mizani ya korosho,
alikadiria uzito wa kila mng'oko kiganjani
na kila mara akakosea.
Mama hakukadiria. Alifuata kitawi kikavu,
akapiga magoti, akanyamaza,
mkono ukazama mpaka begani
kama anayepapasa mfuko wa mtu aliyelala.

Agosti mikorosho ilikuwa imechanua,
masweta yamefungwa viunoni.
Tukarudi ukingoni mara ya mwisho.
Kweupe! Bonde lote wazi,
na Ruvuma kule, uzi mwembamba.
Somoe alichungulia muda mrefu,
akakunja uso:
"Kumbe washakula."