Mkono wa Tatu

Pale Luthuli, ghorofa ya pili, juu ya duka la spika,
Wachuka alipasua katoni kwa wembe, akapanga mezani:
"Huyu ndiye mama. Yeye hukaa kwenye waya.
Hawa watoto wake, hutembea,
na huitana wenyewe kwa wenyewe, bure, hata laini ikifa.
Iko seti ya wawili, ya watatu, ya wanne.
Nyumbani mko wangapi?"

Swali dogo. Nikaligeuza mdomoni kama kokwa.

Nyumba yetu ya Buruburu ni ya mawe,
ina vidato kumi na vitatu ambavyo baba havipandi tena.
Kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kushoto mwezi wa Machi,
kikamwachia wa kulia na sauti ya kunong'ona.
Mama hulala juu. Sikio lake moja limestaafu,
ndivyo asemavyo mwenyewe, limestaafu bila pensheni.
Usiku baba hugonga ukuta kwa mwiko.
Mama hasikii. Nasikia mimi, nashuka,
au sisikii, na asubuhi namkuta macho wazi,
akisema hakutaka kumsumbua mtu.

Basi wawili, nikasema. Mmoja juu, mmoja chini.

Wachuka hakubisha. Aliulizia kuta.
Mawe, nikajibu. Akasema mawe hunywa sauti,
nisiamini mita zilizoandikwa kwenye boksi,
hizo zilipimwa uwanjani, pasipo hata ua.
Akanionyesha vitufe vikubwa kama maharagwe,
kioo chenye mwanga wa rangi ya chungwa,
betri za kawaida, zinazopatikana hata kioski,
"si zile za kuagiza, ukangoja hadi Krismasi."
Stima ikipotea?
"Mama akizimika, watoto wote mabubu.
Mnunulie betri yake ya akiba."
Nikawaza: msichana huyu anazijua nyumba za watu.

Kisha, bila kuulizwa, nikasikia mdomo wangu ukisema,
"Kuna chumba nje. Nyuma ya tangi la maji."

Asava, ndugu yangu, anakaa humo mwaka wa pili sasa.
Aliuza ploti ya Kitengela; baba akamwambia neno,
naye akajibu neno,
na tangu siku hiyo sahani yake hupitia dirishani.
Kutoka kitanda cha baba hadi mlango wake
ni hatua ishirini na sita, nimezihesabu nikibeba chai.
Umbali wa aina hiyo hakuna kiwanda kinachouandika.

Kwa mkono wa tatu niliongeza elfu mbili na mia tatu.
Nilikuwa nazo. Zilikuwa za viatu.

Nikaichaji saa kumi na sita, kama karatasi ilivyoagiza,
nikabandika plasta, nikaandika kwa kalamu:
moja, mama. Mbili, baba.
Tatu, nikaandika tatu tu,
nikaupitisha dirishani pamoja na ugali na mrenda,
bila maelezo.

Wiki nzima ulinyamaza.
Baba aliutumia wake kumuuliza mama kama ameanua nguo,
mama akajibu kwa kelele
ambazo zingefika chini hata bila simu.

Jumanne, saa nane usiku, mlio mwembamba.
Si wa juu. Si wa chini.
Nikasimama kwenye kidato cha saba, miguu mitupu.
Baba alikuwa ameushika kwa mkono wake huo mmoja,
kioo kikimtia rangi ya chungwa shavuni.
Hakutaja jina. Hakutaja ploti wala pole.
Alikohoa, akanong'ona:
"Tangi linafurika. Husikii?"

Nje mlango ukalia bawaba.
Koki ikafungwa, mizunguko mitatu, minne.
Maji yakaacha kuanguka, na Buruburu yote
ikawa kama imeshusha mzigo.

Nilidhani yameishia hapo. Nikageuka kupanda.
Mlio tena,
na safari hii ulikuwa chumbani mwa baba.