Kigingi cha Arobaini na Saba

Nilipewa fimbo yenye nambari nyekundu na nyeusi,
nikaambiwa nisimame wima, nisitikisike
hata nzi akinitua puani.
Injinia Wekulo alikuwa mbali, jicho kwenye darubini,
mkono hewani: kushoto, kushoto kidogo, hapo hapo.
Hivyo ndivyo mji unavyopimwa upya,
kwa kijana mmoja asiyeruhusiwa kujikuna.

Reli hii naijua tangu sijajua kuhesabu.
Jumamosi tulianika soksi za shule juu ya chuma chake.
Mbuzi walilala kati ya mataruma.
Miezi ingepita bila behewa,
kisha usiku mmoja honi,
na mabati yote ya Obunga yakapiga makofi.

Sasa wanasema itarudi. Si ile
iliyopanda Mau ikikohoa, ikafika Molo na baridi vitini,
bali nyepesi, ya mjini, kila robo saa,
kutoka gatini hadi Kibos.
Mlango unajifungua wenyewe.
Mwenye beseni anapanda na beseni lake.
Kwenye mchoro imepakwa kijani.
Kwenye mchoro hakuna moshi.

Kigingi cha arobaini na tano: choo cha kanisa.
Arobaini na sita: kinyozi, kiti kimoja, kioo chenye ufa,
na mteja wa nusu kichwa akiuliza kama amaliziwe.
Arobaini na saba kikaangukia jiko la mama.

Si karibu na jiko. Jikoni,
kati ya mafiga, chini ya karai
ambamo mgongo wazi wa mbuta ulikuwa ukigeuka rangi,
mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishapanda ndege.
Nimesomeshwa na mifupa hiyo.

"Fimbo wima!" Wekulo akapaza sauti.
Nikaisimamisha.
Mama akanitazama, koti la kung'aa, kofia ngumu,
kama mtu anayepokea chenji na kuihesabu.
Nikasema, "Mita kumi na tano kila upande."
Akasema, "Samaki ataungua. Sogea."

Majirani walishafika na vilio vyao tayari.
Lakini mama alifuta mikono kwenye leso, akamwendea Wekulo,
akauliza:
"Itasimama wapi?"

Akafungua ramani juu ya gunia la makaa.
Pale kwa seremala, mita mia mbili.
"Kwa muda gani?"
Dakika moja.
Mama akafumba macho. Midomo ilikuwa ikifanya hesabu:
milango mingapi, njaa ngapi,
kipande kwenye gazeti, pilipili kando.
"Dakika moja haitoshi hata kutafuta chenji," akasema.
"Waambie mbili."

Wekulo akacheka. Halafu akaacha,
maana mama alikuwa akingoja aandike.
Akaandika. Niliiona kalamu.
Kama aliandika mbili
au aliandika tu, sijui hadi leo.

Jioni nilirudi na rangi nyekundu kwenye kucha.
Kigingi kilikuwa kimeng'olewa, kimepigwa upya
hatua tatu kutoka jikoni, wima kabisa,
kimefungiwa kamba ya nguo,
soksi zangu za kazi zikidondosha maji.
Sikuuliza. Kitabu cha vipimo kilikuwa kwapani mwangu.

Mama akanikatia upande wenye nyama waliyoisahau.
"Kula," akasema. "Kesho si mnapima kwa seremala?
Mwambie aanze kuchonga mabenchi."