Sarafu ya Fedha

Quemchi, Aprili. Maji yamekupwa hadi mbali,
kome wamejibanza mawemaweni, weusi, wanono,
na bahari ni safi kama sahani iliyofutwa sasa hivi.
Mlangoni mwa shule wamebandika: MARUFUKU.
Mama husoma bahari, hasomi karatasi.

Alitia sarafu ya fedha chunguni, kama mamaye:
ikisawijika, mwaga;
iking'aa, pakua.
Iling'aa.

Tukala. Ubelina, kitindamimba, akaongeza bakuli.

Kwanza midomo: ganzi ndogo, kama umebusu barafu.
Kisha vidole.
Kisha Mama akataka kumwita paka kwa mluzi,
mluzi ukakataa kutoka.
Tukacheka. Mungu atusamehe kicheko kile.

Boti ya zahanati ilichukua saa mbili kufika.
Saa mbili mjomba Rosamel akimpulizia Ubelina pumzi,
moja, nyingine, moja,
kifua kimesahau kazi yake,
macho wazi, hayapepesi.

Siku ya tatu akapumua mwenyewe.
Neno lake la kwanza kwangu:
"Nilisikia mkigombania nani atanichimbia."

Sasa matairi yanawaka darajani. Wanaume wanadai fidia,
nyavu zimekauka uani, duka halikopeshi tena,
na wataalamu wanachota maji kwa vichupa
wakitafuta mwani usioonekana kwa jicho.

Mama hakuitupa ile sarafu.
Ameitundika msumarini, juu ya jiko.
Kila jioni huitazama,
nayo inang'aa tu,
shahidi wa uongo asiyejua haya.