Baada ya Kutiwa Sahihi

Machi huku Liepāja theluji haijaamua.
Inaanguka, inajuta, inageuka tope.
Manispaa wameniita: wakodi wa bustani,
mia nne na kumi na wawili,
wamechoka kupanga foleni ukumbini, penye hita moja,
ili waandike majina chini ya ukurasa wa tatu.
"Weka sahihi kwenye tovuti," alisema Ingrīda wa masjala,
kama mtu asemaye, weka chumvi.

Wiki tatu nimekaa na faili moja ya PDF,
mkataba wa kiwanja namba 37:
mita za mraba mia sita, mitufaha miwili,
banda la zana lisilo na umeme.
Seva inaichukua hati, inaisaga
mpaka ibaki unga wa tarakimu,
na unga huo ndio unaofungwa
kwa ufunguo ambao mimi fundi siruhusiwi kuuona.

Siku ya kumi na moja ikakubali. Tiki ya kijani.
Nikaenda kumimina kahawa, nikarudi,
nikaona koma imekaa vibaya baada ya neno "maji".
Nikaisogeza. Koma tu.
Skrini ikaiva:
HATI IMEBADILISHWA BAADA YA KUTIWA SAHIHI.
Peke yangu ofisini, nikaona haya,
kidole ndani ya kopo la sukari.
Nikairudisha koma palepale pabaya, kijani kikarudi.

Neno ni moja. Sahihi, alama ya mkono.
Sahihi, jambo lisilo na kosa.
Mwaka jana yaligombana mezani kwa Ingrīda,
mbele ya Dzidra Krūmiņa, miaka themanini na mmoja,
ambaye kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia
katikati ya kuvuna viazi.
Aliandika kwa wa kushoto: kamba ya kiatu iliyofunguka.
Ingrīda akailinganisha na ile ya mwaka tisini na nne,
ndefu, yenye mkia wa madaha,
akatikisa kichwa.
Sahihi yako si sahihi.
Alipanda tramu mara tatu. Mara ya tatu
alileta barua ya daktari na chupa ya matango ya achari.
Barua ilipokewa.

Kwa hiyo nilianza na yeye.
Jikoni kwake, kisoma kadi kando ya mkate,
miche ya nyanya dirishani katika vikopo vya mtindi.
"Geuka," akasema, "ni namba ya siri."
Nikageuka. Nikahesabu miche: kumi na tisa.
Nyuma yangu kidole kimoja kilidonoa, kikapumzika, kikadonoa.
Mashine haikuuliza ni mkono gani.

"Jina langu liko wapi?"
Nikamwonyesha: tarehe, saa nne na dakika kumi na saba,
mtoa cheti, tiki.
Akasogeza miwani.
"Hiki ni kisanduku. Nimeuliza jina."

Nikaeleza kwamba ukiichapa, muhuri haufuati wino,
karatasi inabaki picha ya mkataba,
mahakamani haina uzito wa ganda la yai.
"Wewe chapa."

Kesho yake nikaja na kurasa tatu.
Akazikandamiza kwa kopo la chumvi, akashika kalamu.
Ile Z peke yake ilichukua muda wa birika kuchemka.
Ilivuka mstari, ikavuka ukingo,
ikaacha nukta juu ya kitambaa cha meza.
"Yako ikae huko kwenye seva," akasema.
"Hii naipigilia msumari bandani. Panya nao wasome."

Usiku, nyumbani, nikaifungua faili yake.
Kijani. Halali.
Na baada ya neno "maji",
ile koma niliyosahau kuirekebisha,
imekaa vibaya vilevile,
na sasa hata mimi siwezi kuigusa
mpaka Machi ijayo.