Makhraji

Miezi ile umeme ulipokatika kisiwa kizima
Michenzani ilinuka mafuta ya taa na samaki walioharibika,
na kompyuta ya Suwedi iliyokuwa ikitupigia midundo
ikawa meza ya kuwekea kibatari.
Vijana wa jumba letu walikuwa na mistari, hawana ngoma.
Ndipo kaka yangu Haroub akaweka kiganja mdomoni.

*Bu.* Midomo imebana, imeachia.
*Ts.* Upepo mwembamba, wa pampu ya baiskeli.
*Ka.* Hiyo ilitoka mbali, na nyumbani tuliijua:
ndiyo aliyokuwa akiifanyia mazoezi chooni,
mama akidhani mtoto ana pumu,
akamnywesha tangawizi siku nne.

Suwedi alisema haya yalianzia Nyuyoki,
kwa watoto waliokosa fedha za mashine ya ngoma
wakawa mashine wenyewe.
Haroub aliitikia kwa kichwa.
Kinywa kilikuwa kazini.

Lakini mimi nilikaa naye mkeka mmoja chuoni,
nilijua zana kazitoa wapi.
Ukti Zuwena alitufundisha kila herufi na pahali inapozaliwa:
ba, midomo miwili;
ta, ncha ya ulimi na mashina ya meno;
kafu, ulimi wa nyuma kabisa, jirani na kidakatonge.
Aliyekosea alirudia mpaka mate yakauke.
Haroub alirudia kuliko sote.
Jino la mbele alikwisha kuliacha kwenye usukani wa baiskeli,
sini yake ikapiga mluzi, tukamcheka.
Mluzi ule ule, sasa, ndio matuazi yetu.

Ishirini na kitu ngazini, hakuna amwonaye mwenzake.
Ngoma inashuka ghorofa kwa ghorofa,
vikombe makabatini vinaitikia.
Na pumzi! Aliivuta ndani ya mdundo wenyewe
bila kuukata, kama mtu anayekunywa huku akiongea.

Tochi ikapanda. Ukti Zuwena, na ndoo ya maji.
Haroub akaimeza ngoma yake.
Bibi akaitua ndoo.
"Rudia ile ya mwisho."
Akarudia.
"Kafu hiyo bado inatoka mbele. Irudishe nyuma."
Akajitwika maji yake, akaenda zake.

Mpaka leo sijui kama alikemea au alisifu.
Usiku kucha, upande wa pili wa ukuta,
Haroub alikuwa akiitafuta kooni mwake, ka, ka, ka,
na alfajiri nikasikia mama
anatwanga tangawizi.