Sita Nukta Moja

Dakta Intisar katoka chuo kikuu na bahasha za kaki,
maswali kumi na tisa kwa kila muuguzi, jina usiandike.
Sifuri ni kamwe. Sita ni kila siku.
*Mara ngapi kazi inakumaliza?*
*Mara ngapi simu ikilia unatamani iwe ya mwenzako?*

Tuko watano katika kituo chetu hapa Ibra.
Lissamma alijaza lake huku anakula wali,
sita, sita, sita mpaka chini,
akacheka, akanawa mikono, akaenda kuosha kidonda cha mtu.
Langu nililikunja nikalitia kwenye mkoba wa ziara,
baina ya pamba na vijiti vya kupimia sukari.

Mwaka ule, wanaume nao walipovaa barakoa,
kliniki ya sukari ilitiwa kufuli.
Nikapewa simu na daftari la majina mia mbili na kumi.
Asubuhi niko wodi ya wanaotafuta pumzi,
baada ya alasiri niko ndani ya gari langu, kiyoyozi kinakoroma,
mashavu yana mifereji:
Umepima? Ngapi? Miguu umeitazama?
Aliyejibu nilimwandika. Asiyejibu nilimchorea kistari.
Iko siku vistari vilizidi, nami nikashukuru,
maneno ya kusema yalikuwa machache.
Hilo halimo katika maswali kumi na tisa.

Bi Zuweina wa Wete,
anayewafokea mbuzi wa Kiomani kwa Kipemba na wakamwelewa,
yeye alipokea kila mara, mlio wa pili.
"Sita nukta moja, mwanangu."
"Sita nukta tatu."
"Leo sita kamili, alhamdulillahi."
Nikamzungushia duara la kijani.
Mgonjwa wangu bora.

Leo nimekwenda kumfunga mguu.
Vidole viwili havipo tangu Shaabani.
Nyama inaota, nyekundu, safi. Namwambia.
Hasikilizi, anaitazama bahasha.
"Na hiyo je?"
Nikamsomea, swali baada ya swali,
nikigeuza Kiarabu cha chuo kiwe Kiswahili cha jikoni.

Akainua ncha ya barakoa yake, akajikuna pua.
"Zile sita," akasema, "hazikuwa sita.
Zilikuwa kumi na tano, kumi na nane.
Kuna siku mashine iliniandikia herufi badala ya namba.
Lakini wewe ulikuwa ukiuliza
kama mtu mwenye ndoo mbili mikononi
na kuna anayemnyooshea ya tatu.
Nikasema, huyu nimwambieje?
Nikakupa sita."

Mkasi ulikuwa mkononi, bandeji nusu.
Namba zangu zote za kijani,
zilizopanda hadi wizarani katika jedwali safi,
zilikuwa sadaka ya bibi mmoja,
na kailipia vidole.

Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumwomba radhi.
Nikamalizia fundo.

"Lete kalamu," akasema. "La kwanza lilikuwaje?
Mara ngapi kazi inakumaliza?"
"Mbili," nikajibu.
Macho yake hayakupepesa.
"Mbili yako," akasema, "ndiyo sita yangu."

Tulicheka. Kisha alikuwa akicheka peke yake,
kisha naye akanyamaza,
akanisogezea boksi la karatasi za kufutia uso
bila kunitazama, kama mtu anayesogeza chumvi.

Akajidunga mwenyewe, kidole cha pete.
Tone zito. Mashine ikahesabu: tano, nne, tatu.
Kumi na nne nukta mbili.
Akaiandika katika daftari lake kwa herufi za Kiarabu,
polepole, ulimi nje kidogo.
Akapiga mstari katikati ya ukurasa,
upande wa pili akaandika Ghalya,
chini yake akaacha patupu.

"Haya," akasema. "Zamu yako.
Na Jumatatu tunapima tena."